Sista Anaisoma Kabla Yako

Tabata Kimanga, Dar es Salaam
Jumapili, 19 Januari 2025

Mdogo wangu Anastasia,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku nyumbani tu wazima, sijui nyie na mvua za Masasi. Nianze na Sista Editha, mlezi wenu, maana najua barua za wanovisi, ninyi mnaojiandaa kuwa masista, hufunguliwa, naye anaisoma kabla yako. Sista, shikamoo. Jisikie nyumbani, familia yetu haina la kuficha.

Mama magoti yanamsumbua lakini mdomo mzima. Baba bado anakwenda Mwenge kila asubuhi kwenye kibanda chake cha vinyago, ila mkono wa kulia umeanza kutetemeka na patasi inamponyoka. Amekubali yaishe, amemrudisha Gaspar amsaidie kuchonga. Ndiyo, Gaspar yule yule aliyemfukuza. Mtoto wa mama mdogo wa Mbagala kaolewa Desemba, kamtangulia dada yake. Ikabidi dada mtu aletewe mbele ya wazee kile kitenge cha mdogo kuomba kumpita mkubwa, naye akakaa nacho mapajani, hataki kutamka “pita” mpaka wali ukapoa jikoni. Bila neno lake hakuna harusi, na alilijua hilo. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu siku hiyo bado nilikuwa na mchumba.

Sasa sina. Leodegar kavunja uchumba, na nitakueleza ilivyokuwa kwa sababu mama atakueleza vibaya.

Alitaka tufahamiane kwa undani kabla ya ndoa. Si kwa padri wala kwa wazee, bali kwa programu ya simu inayoitwa Jitambue. Unajibu maswali, inakuambia wewe ni mtu wa aina gani. Mimi ilinipa Nguzo: mtu wa kuegemewa, mvumilivu. Nilifurahi, nikawaonyesha hata wateja waliokuja dukani kununua misumari. Lakini ina sehemu nyingine, Kioo cha Wenzako. Unachagua watu watatu wanaokufahamu, wanajibu maswali juu yako, na majina yao hayaonekani. Nilimchagua Leodegar mwenyewe, Raudha ninayeuza naye dukani, na wewe. Ulikuja Novemba kutibiwa jino, nikakutumia kwenye simu ya mama, unakumbuka.

Mwishoni kila mmoja anaandika neno la ukweli kwa mtu atakayeishi na huyu. Mmoja aliandika hivi, nanukuu kwa sababu nimelikariri: “Usimkosee. Darasa la tano kuku wa jirani alikula mahindi yake aliyoyaotesha kwenye kopo, na mpaka leo hajamsalimia mwenye kuku. Na huyo jirani ana bahati. Huyu akikusalimia vizuri ndipo uogope.”

Leodegar alisoma akacheka. Kisha akasoma tena, hakucheka. Mwezi haukuisha wazee wake wakaja, wamevaa vizuri, kuomba yaishe kwa heshima.

Sijui nani kaandika. Raudha anaapa si yeye, na kweli, Raudha ni mtu wa Tanga, habari za kuku wa Tabata atazitoa wapi? Basi tuyaache. Nimeona hiki kipimo kingekufaa na wewe, maana mtu anayekwenda kuweka nadhiri ni vema ajijue. Simu huna, kwa hiyo nimekunakilia maswali yote kwa mkono kwenye karatasi ya pili. Yajibu, mie nitayaingiza, nitakuletea majibu. Sista pia ataona faida yake.

Dada yako,
Recho


Masasi
Jumapili, 23 Februari 2025

Dada Recho, shikamoo.

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako iliwahi, mimi ndiye niliyechelewa. Msalimie baba na mama. Mwambie mama asipande ngazi za kanisa kwa haraka, hakuna anayemfukuza. Huku tunaendelea vizuri. Nimehamishiwa kwenye chumba cha kuoka hostia, mikate ya komunyo. Mwanzoni niliunguza nyingi, tulizila sisi wenyewe na chai. Sista Editha anakusalimu sana. Macho yanamsumbua, ana mtoto wa jicho, anasubiri kwenda kupasuliwa.

Nimesikitika kwa habari ya Leodegar. Sijui niseme nini zaidi, kwa hiyo sisemi.

Juni baraza la masista litatupigia kura, na watakaokubaliwa wataweka nadhiri za kwanza sikukuu ya Kupalizwa, Agosti. Tuombeeni.

Maswali yako nimeyajibu. Mengine yalinichekesha. Lile linalouliza “Watu wakikutazama, unabadilika?” nimejibu ndiyo, nadhani kila mtu angejibu hivyo akiwa mkweli. Na lile la “Ukikosewa hufanya nini, unasema papo hapo, unasahau, au unasubiri,” nimejibu nasubiri.

Mkono wa baba unanisumbua moyoni. Nani anampelekea chakula Mwenge siku hizi?

Mdogo wako,
Anastasia


Tabata Kimanga
Jumapili, 16 Machi 2025

Mdogo wangu Anastasia,

Amani kwako na kwa nyumba yote ya malezi. Sista Editha, shikamoo na pole sana kwa macho. Naandika kwa herufi kubwa leo ili usipate taabu.

Nyumbani hakuna jipya. Jirani yetu Mama Eliaichi kaweka spika nje, singeli mchana kutwa, mama anasema magoti yanacheza yenyewe. Chakula cha baba anapeleka Gaspar.

Sasa majibu yako. Nimeyaingiza neno kwa neno, sikuongeza kitu. Jitambue imesema wewe ni Kinyonga. Nanakili: “Hubadilika kufuata anayemtazama. Mbele ya wakubwa ni mtiifu kupita kiasi. Wakati mwingine hata mwenyewe hajui rangi yake ya kweli. Haishauriwi kufanya maamuzi ya maisha yote.” Hayo ya maisha yote yameandikwa kwa herufi nyekundu kwenye simu. Nilishtuka kwa niaba yako. Nikasema bora Sista ayaone mapema kuliko baada ya Agosti, kwa sababu nadhiri si kitu cha kujaribu kama kiatu.

Halafu nilisahau. Gaspar kakuulizia. Kaniuliza mbele ya baba, bila aibu, “Anastasia anaendeleaje?” Nikamwambia anaoka hostia. Lile chanuo la mpingo alilokuchongea, lenye ndege wawili juu, bado analo. Analiweka kwenye boksi la patasi zake, nimeliona kwa macho yangu. Yaani kijana wa watu kakataa wanawake wawili aliotafutiwa na shangazi zake. Mtu anaweza kudhani kuna ahadi mahali.

Kama kuna ahadi mahali, mdogo wangu, useme. Masista ni watu wazuri, wataelewa.

Dada yako anayekutakia mema,
Recho


Masasi
Jumapili, 27 Aprili 2025

Dada Recho, shikamoo.

Pasaka ilikuwa njema. Nimeoka hostia mpaka nikawa nanuka unga hata nikiwa nimeoga.

Nakuomba usiniandikie habari za Gaspar. Nakuomba hilo tu. Niliambiwa alishaoa, nikaambiwa na mtu ninayemheshimu, nikayaweka chini mambo hayo nilipoingia hapa.

Sista Editha anakusalimu, anakushukuru kwa herufi kubwa.

Anastasia


Tabata Kimanga
Jumapili, 18 Mei 2025

Anastasia,

Tumsifu Yesu Kristo. Wote wazima. Baba mzima, mama mzima, singeli nzima.

Umeniomba nisikuandikie habari za Gaspar. Mimi sikuomba kuandikwa habari za kuku, na niliandikwa.

Hebu tuache kuzungushana. Habari ya kuku tulikuwa tunaijua mie na wewe peke yetu. Mama mpaka leo anadhani simsalimii Mama Eliaichi kwa ajili ya mpaka wa uzio. Wewe ndiye uliyenikuta nalia na kopo tupu. Wewe ndiye uliyeniahidi kwamba ukikua utamnunulia Mama Eliaichi jogoo mkali wa kumdonoa. Nilikupenda sana siku ile. Halafu ukaja ukalala kitanda changu kwa siku za jino, ukala uji niliokupikia, ukachukua simu ya mama ukaniandika. Nina miaka thelathini na tatu. Gauni lilikuwa limeshapimwa. Umenitoa kwenye ndoa kwa sentensi chache, kisha ukapanda basi ukarudi kusali.

Kwa hiyo sasa nami naandika neno la ukweli kwa wale watakaoishi na huyu. Sista Editha, shikamoo, naomba usome hapa polepole. Anastasia alipokuwa anasoma chuo na kuishi hosteli Mabibo, alitwambia nyumbani kwamba kapelekwa Dodoma kwa mafunzo ya vitendo. Hakwenda Dodoma. Alikaa muda wote ule Mabibo hapo hapo, nyuma ya soko, katika chumba cha Gaspar, akipika na kufua kama mke wa mtu. Baba alipojua alimfukuza Gaspar kibandani, na baada ya hapo ndipo wito ukamjia mdogo wangu. Wito gani unakuja kwa mtu aliyenyang'anywa mwanamume? Hilo ninyi mtalipima vizuri kuliko programu.

Na hiki kipimo nimeshakirudia. Bado kinaniita Nguzo. Mvumilivu. Nikikisoma nacheka peke yangu.

Unajua hasira inaniamsha asubuhi, inanipikia chai, inanisindikiza dukani? Leodegar ananipita barabarani akiwa na pikipiki mpya, ananipungia mkono kwa adabu. Kila anaponipungia nakuwaza wewe mbele ya altare umevaa nyeupe. Siwezi kukubali. Kama mimi sina harusi, na wewe huna nadhiri. Nimemaliza.

Recho


Tabata Kimanga
Jumapili, 6 Julai 2025

Anastasia,

Hujajibu. Juni imepita na kura yenu imepita nayo, kwa hiyo naelewa ukimya wako. Ningekuwa wewe nisingejibu pia.

Wewe umenyamaza lakini mama hajui kitu, masikini. Kanunua vitenge vya sare ya siku yako, vya kijani na maua ya njano, anashona na kuimba. Anasema akina shangazi wote watavaa. Sijamwambia chochote. Nimemwachia wewe umwambie. Baba naye yuko kusini, kaondoka na Gaspar kutafuta mpingo. Alivaa koti la kanisani kwenda kutafuta mpingo, uzee huo. Nilimuuliza atanipigia lini, akasema huko kutakuwa hakuna mtandao.

Nyumba imekuwa kimya. Raudha anasema nimekonda. Nimemwambia mtu akishinda anakonda.

Niandikie tu unarudi lini, nikutandikie kitanda.

Recho


Masasi
Jumapili, 27 Julai 2025

Dada Recho, shikamoo.

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima. Baba amefika hapa salama, mkono wake unatetemeka lakini anakula vizuri. Mpingo hawakutafuta. Sitaki usome barua hii ukiwa umesimama, kwa hiyo kaa.

Tangu Januari Sista Editha hasomi. Macho yalikuwa yameshakataa kabla hata ya barua yako ya kwanza. Kila novisi anafungua barua yake mbele yake na kumsomea mwenyewe, kwa sauti. Herufi zako kubwa nilizisoma mimi. Kila ulipoandika “Sista, shikamoo,” nilisema mimi, naye aliitikia marahaba. Ya Kinyonga nilimsomea. Alicheka mpaka akakohoa, akasema basi nyumba nzima ni vinyonga.

Ya Mei nilimsomea pia. Ningeweza kuruka. Ilikuwa mimi, karatasi, na mama mzee asiyeona. Nilisimama kidogo kwenye neno Mabibo, nikaendelea mpaka mwisho. Halafu akasema, “Binti, ya Mabibo umeyasoma bila kutetemeka. Lakini Machi, ulipofika kwenye chanuo, sauti yako ilikatika. Nilisikia. Nenda kafikiri, kisha uje kunieleza unataka nini.”

Nilifikiri, nikamwendea kabla ya kura. Sikupigiwa kura, Dada. Nilijiondoa mwenyewe.

Sasa kuhusu neno la kuku. Ni mimi. Ukiniuliza tena kesho nitaandika lile lile. Lakini umeandika kwamba baba alipojua alimfukuza Gaspar, ukapita haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Baba hakujua mwenyewe. Ulimwambia wewe, ukiwa umesimama mlangoni na sahani yake ya chakula mkononi, nami nilikuwa nyuma ya pazia. Baada ya hapo ni wewe uliyenijia ukalia nami, ukaniambia Gaspar ameshaoa kwao Newala. Mtu ninayemheshimu. Niliamini. Niliishi hapa na imani hiyo, nikaiombea ndoa yake kila jioni, ndoa isiyokuwepo.

Siku ile ya jino sikujua bado kwamba ulinidanganya. Nilijua la sahani tu. Uliniuliza kwenye barua nikikosewa hufanya nini, nikakujibu nasubiri. Hukulizingatia.

Ungekaa kimya ningeweka nadhiri, na ningekuwa sista mzuri tu. Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba anauliza, kwamba kakataa wengine, kwamba analo chanuo. Uliandika ili unichomee kwa Sista, na mimi nimepata kwa mkono wako nilichonyang'anywa kwa mdomo wako. Sista aliniruhusu nimwandikie Gaspar. Alikuja na baba, baba akiwa na koti la kanisani, akaniomba msamaha mbele ya Sista kwa kumfukuza kijana wa watu.

Mama anajua tangu Juni. Vile vitenge vya kijani si vya nadhiri. Mimi ndiye niliyemwomba asikwambie, kwa sababu nilitaka kukwambia mwenyewe.

Kuna jambo moja limebaki, na unalijua. Mimi ni mdogo. Gaspar na wazee wake watakuja Tabata Jumamosi ya tarehe kumi na sita Agosti na kitenge cha kuomba kupita. Watakuwekea mapajani mbele ya watu wote. Baba amesema bila neno lako hakuna harusi, hata kama itachukua miaka. Ukitaka tuzeeke tukisubiri, unaweza. Wali utapoa, na kila aliyepo atajua lile neno la kuku lilikuwa la kweli. Ukisema “pita,” nimepita.

Narudi Alhamisi inayotangulia. Nitandikie kitanda kama ulivyosema.

Mdogo wako,
Anastasia


Tabata Kimanga
Jumapili, 10 Agosti 2025

Anastasia,

Baba na mama wazima, unajua kuliko mimi. Barua yako nimeisoma nimesimama, siamrishwi na mtu kukaa ndani ya nyumba ya baba yangu.

La sahani sisemi kitu. La Newala sisemi kitu.

Mama nimemnunia siku tatu, kisha nikamsaidia kupiga pindo kwa sababu sindano haioni. Gauni langu limo kabatini, halijawahi kuvaliwa. Usiliguse. Ukiliomba nitakupa, kwa hiyo usiliombe.

Kitanda nimetandika, shuka la bluu, lile ulilokuwa unaligombania. Na jana, nikitoka dukani, Mama Eliaichi aliniambia hongera kwa mdogo wako. Mtaa mzima unajua. Nilimpita kama kawaida.

Jumamosi wakileta hicho kitenge nitakipokea. Nitasema “pita” mara moja, kwa sauti, wali ukiwa bado wa moto, ili pasiwe na mtu mtaani hapa wa kusema wewe unanijua. Siku ya harusi nitakivaa, nitakaa mstari wa mbele kabisa karibu na mpiga picha. Na sitatabasamu, Anastasia, hata kwenye picha moja. Utazitundika ukutani kwako, utazipangusa vumbi mpaka uzeeke, na katika kila moja nitakuwepo nakutazama.

Msalimie Sista Editha. Hii msomee yote.

Dada yako,
Recho